Bwana Mdogo wa Nyumbani Kwetu



Mara nyingi mtu apewapo nafasi ya kusema nanyi mahali hapa huleta habari za mambo makubwa: kilimo cha kahawa, maradhi ya ng'ombe, safari za nchi za mbali, au shauri la kuweka akiba. Mimi leo naomba radhi. Habari nitakayowapa ni ya mtu mdogo sana, ambaye urefu wake haujafika kitasa cha mlango. Hana kazi wala mshahara, wala hajui kusoma. Walakini ndiye aitawalaye nyumba yangu tangu alfajiri hata usiku. Ni mwanangu, kitindamimba wetu, mwenye umri wa miaka 2 na miezi 3. Jina lake analo, lakini nyumbani hapana alitumiaye. Sote humwita Bwana Mdogo kwa ajili ya mwendo wake, maana hutembea tumbo mbele na mikono nyuma, akitazama vyungu, kuku na kuni mmoja mmoja, kama mtu aliyetumwa na serikali kuja kuhesabu mali yetu.

Kazi yangu mimi ni kufundisha walimu. Kwa miaka 16 nimesimama mbele ya vijana wanaojiandaa kuingia katika kazi hii, nikiwaeleza jinsi mtoto anavyofikiri na anavyojifunza. Nilidhani ya kuwa nayajua mambo hayo. Walakini, kusema kweli, nilikuwa nimeyasoma tu. Watoto wangu wawili wa kwanza walikua nami nikiwa katika masomo na safari. Asubuhi niliwaacha wamelala, na usiku niliwakuta wamelala. Huyu wa tatu ndiye wa kwanza niliyepata kumtazama kwa macho yangu, naye amenirudisha darasani. Baadhi ya masomo aliyonipa yanachekesha. Moja halichekeshi hata kidogo, nalo ndilo lililonifanya nikubali kuja kusema nanyi leo.

Nyumba yetu ipo milimani Usambara, ambako asubuhi huwa baridi na ukungu hushuka hata migombani. Mtu mwenye akili hupenda kujifunika blanketi wakati huo. Bwana Mdogo hapendi. Kabla ya jogoo kuwika yeye yu macho, naye haoni sababu ya mtu mwingine kulala. Huja kitandani kwangu polepole, akanitazama kitambo, kisha akanishika ukope kwa vidole viwili na kunifungua jicho kama mtu afunguaye dirisha. Akiona ya kuwa mna mtu ndani, hucheka na kusema, "Baba yupo!" Basi siku imeanza.

Siku moja tulikuwa tukingoja wageni wakubwa chuoni, nami nilikuwa nimevipaka viatu vyangu dawa tangu usiku. Asubuhi nikakuta kiatu kimoja tu. Tukatafuta chini ya kitanda, nyuma ya mlango, hata katika kapu la nguo chafu. Saa ilikuwa ikienda mbio, nami nilikuwa nimekwisha anza kumlaumu paka, mara nikasikia sauti uani: du, du, du. Nikatoka nje. Bwana Mdogo alikuwa amesimama juu ya kigoda karibu na kinu cha bibi yake, ameshika kwa mikono miwili kijiti cha kusongea ugali, akitwanga kwa nguvu zake zote. Nikachungulia ndani ya kinu. Kiatu changu kilikuwamo, pamoja na konzi mbili za mahindi na maji kidogo. Nikamwuliza, "Unafanya nini, bwana?" Akanijibu bila ya kusimamisha kazi, "Ugali." Wageni walinipokea siku ile nikiwa na kiatu kimoja kikavu na kimoja kilichotota, na unga katika tundu za kamba.

Labda mtaniambia, "Mwalimu, huo ni utundu tu." Nami ndivyo nilivyosema zamani. Lakini ngojeni niwaambie habari ya kijiko.

Alipokuwa na umri wa miezi 10 au 11, mwana huyu alikuwa na mchezo mmoja wakati wa uji. Akipewa kijiko, hukiachia kikaanguka chini, kisha huinama kukitazama. Mama yake akikiokota, hukiangusha tena, safari hii upande wa kulia. Tena upande wa kushoto. Tena kutoka juu ya kichwa chake. Siku moja nilihesabu mara 14. Nikamwambia mke wangu, "Mtoto huyu anatufanya watumwa wake." Jioni ile ile nilikuwa na somo la kutayarisha, nikafungua daftari langu la zamani, na humo nikakuta maneno niliyoyaandika kwa mkono wangu mwenyewe na kuyafundisha mwaka baada ya mwaka, juu ya bwana Jean Piaget.

Mtaalamu huyo alizaliwa mwaka 1896 katika mji wa Neuchâtel, nchi ya Uswisi, akafa mwaka 1980. Alikuwa na watoto watatu, naye aliwatazama tangu kuzaliwa kwao kwa uangalifu mkubwa, akayaandika aliyoyaona, na mwaka 1936 akatoa kitabu juu ya mwanzo wa akili kwa mtoto mchanga. Katika kitabu hicho ameeleza jinsi mwanawe Laurent, katika umri wa kama miezi 10, alivyonyosha mkono na kuviachia vitu vikaanguka, mara hapa na mara pale, akibadili mahali na kutazama yatakayotokea. Bwana yule hakusema ya kuwa mtoto ni mtundu. Alisema ya kuwa mtoto anafanya majaribio. Anauliza swali kwa mikono, kwa sababu hana bado maneno ya kuulizia: Je, kitu hiki kitaanguka kila mara? Kikiangukia huku, je? Kikitoka juu zaidi, je?

Wala Piaget hakuwa wa kwanza kumtazama mwanawe hivyo. Mwaka 1877 bwana Charles Darwin, yule mtaalamu wa Uingereza aliyeandika habari za viumbe vyote, alichapisha maelezo aliyokuwa ameyaweka kama miaka 37 nyuma, juu ya mwanawe wa kwanza alipokuwa mchanga: siku aliyoshtuka, siku aliyokasirika, siku aliyocheka. Mtu aliyezunguka dunia nzima kwa merikebu akitazama ndege na mawe aliona ya kuwa hata kitanda cha mtoto mchanga kina mambo ya kutosha kutazamwa.

Nilipofunga daftari lile niliona haya. Nilikuwa nimefundisha habari za mtoto wa Uswisi kwa miaka mingi, na mtoto huyo huyo alikuwa amekaa jikoni kwangu akipakwa uji, nami nilimwita mtundu.

Basi nikaanza kumtazama. Nilimtazama alipojifunza kutembea, na hapa napenda kuwatuliza wazazi wanaolinganisha watoto wao na wa jirani. Mwaka 2006 Shirika la Afya Duniani lilitoa matokeo ya uchunguzi wa watoto wa nchi tano, yaani Ghana, India, Norway, Oman na Marekani. Ilionekana ya kuwa watoto wenye afya huanza kutembea peke yao wakati wo wote kati ya mwezi wa 8 hivi na wa 18. Nafasi hiyo ni pana sana. Wa kwetu alianza mwezi wa 13. Alipoanguka, nilitambua jambo moja: kabla ya kulia alitazama kwanza kama yupo mtu. Akiona mtu, alilia kwa sauti kuu. Asipoona mtu, aliinuka, akapangusa magoti, akaenda zake. Siku moja alianguka uani, akatazama, hakuona mtu. Akatembea hata jikoni alipokuwa bibi yake, akajilaza chini taratibu, ndipo akaanza kulia.

Nilimtazama pia alipoanza kusema. Sisi walimu hupenda kuwarudi wanafunzi katika sarufi, na mimi ni mkali katika jambo hilo. Bwana Mdogo hunisumbua sana. Alianza kwa kusema "taka maji" badala ya "nataka maji", na "enda nje" badala ya "nakwenda nje". Nilidhani ni uvivu wa ulimi. Kumbe watoto wengi waanzao Kiswahili hupita njia hiyo. Mwaka 2005 mtaalamu aitwaye Kamil Ud Deen alitoa kitabu juu ya watoto wa Nairobi waliokuwa wakijifunza lugha yetu, akaonyesha jinsi wanavyoviacha viambishi vile vya mwanzo wa kitendo katika usemi wao wa kwanza, kisha wakavishika kidogo kidogo. Mtoto hujenga lugha kama fundi ajengavyo nyumba: huweka nguzo kwanza, na udongo baadaye.

Juzi juzi nilimwambia, "Fungua kinywa nikuoshe meno." Akanijibu, "Majino yangu safi!" Nikamwambia, "Si majino, sema meno." Akanikazia macho, akasema tena, "Majino!" Nikataka kuendelea kumrudi, kisha nikafikiri. Nani aliyemfundisha neno hilo? Hapana mtu katika nyumba yetu asemaye "majino". Amelitengeneza mwenyewe. Amesikia jina na majina, jani na majani, akatoa kanuni kichwani mwake, akaitumia. Kosa lake ni kosa la mwenye akili. Mwanafunzi wangu chuoni anayekariri kanuni bila ya kuifahamu hafanyi kosa zuri kama hilo.

Neno alipendalo kuliko yote ni "changu". Kofia ni changu, maziwa ni changu, mbuzi wa jirani ni changu. Juu ya neno hili alinitia katika aibu kubwa. Mzee mmoja mwenye heshima, aliyekuwa mwalimu wangu zamani, alikuja kutuamkia. Tulimkaribisha kwa chai na viazi vitamu. Bwana Mdogo alikuja, akasema "Shikamoo" vizuri sana, mzee akafurahi, akamwekea mkono kichwani. Kisha mtoto akaichukua kofia ya mzee mezani, akasema "Changu!" akakimbia nayo. Mama yake akamfuata, akamweleza kwa upole ya kuwa kofia si yake, ni ya babu mgeni, tena mgeni huiweka kofia yake kichwani aendapo kwao. Mtoto akasikiliza kwa makini. Akarudi sebuleni, akamvika mzee kofia yake, akamletea fimbo yake, akamshika mkono, akamwambia, "Kwaheri, Babu." Mzee alikuwa hajaonja hata nusu kikombe cha chai.

Mabibi na mabwana, mpaka hapa mmecheka, nami nimecheka pamoja nanyi. Sasa nitawaeleza mambo mawili yaliyonifanya niache kucheka.

La kwanza ni hili. Jioni moja nilikuwa nikirudi kutoka chuoni, nikasikia sauti barazani kwangu. Bwana Mdogo alikuwa amepanga magunzi ya mahindi katika safu, kama kumi hivi, ameyaegemeza ukutani. Mkononi alikuwa na kipande cha chaki yangu na kijiti. Akapiga ukuta kwa kijiti, akasema, "Kimya!" Magunzi yakawa kimya. Akasema, "Wewe, simama!" Gunzi moja likaanguka. Ndipo akalikaribia, akalichapa kwa kijiti, akasema kwa sauti nzito, "Bado! Bado! Jinga wewe!"

Jirani zangu waliokuwa wakipita walicheka hata machozi yakawatoka. Wakasema, "Mwalimu, umepata mrithi." Nami nilicheka, maana ule mwendo, ule mkono kiunoni, na ile sauti vilikuwa vyangu hasa. Mtu mmoja tu hakucheka. Binti yangu mwenye miaka 9 alikuwa ameketi mlangoni akichambua maharage. Aliinamisha kichwa akaendelea kuchambua. Nami nikakumbuka ya kuwa chuoni simwambii mtu neno lile. Nilikuwa nalisema nyumbani, jioni, nilipokuwa nikimfundisha yeye hesabu za kugawanya, nami nimechoka. Nililisema mara moja, labda mara tatu, sikuhesabu. Lakini ndugu yake mdogo, aliyekuwa akicheza chini ya meza, alikuwa amehesabu.

Sikusema kitu siku ile. Nilijua ya kuwa imenipasa kusema, nikaahirisha, kama tufanyavyo watu wazima.

La pili lilitokea majuma mawili baadaye. Katika mji wetu umeme hukatika mara kwa mara, nasi huweka mafuta ya taa kwa ajili ya koroboi. Usiku mmoja umeme ulikatika nami nilikuwa nikisahihisha madaftari. Debe la mafuta lilikuwa likivuja, basi nikayatia mafuta yaliyobaki katika chupa tupu ya soda, nikaiziba kwa gunzi, nikajaza koroboi, nikaendelea na kazi yangu. Chupa niliiacha chini, karibu na mguu wa meza.

Asubuhi ilikuwa Jumamosi. Nilikuwa uani nikipasua kuni. Nikasikia mtoto akikohoa, kikohozi ambacho sijapata kukisikia kwake, cha kukauka na kukabwa. Tulikimbilia ndani sote. Bwana Mdogo alikuwa amekaa chini ya meza, chupa mapajani, gunzi limeng'olewa, na harufu ya mafuta ya taa imeenea chumba kizima. Kidevu chake na shati lake vilikuwa vimelowa, na macho yake yamejaa machozi. Aliponiona alininyoshea chupa, akasema, "Soda baya."

Mara nyingi alikuwa ameniona nikinywa soda katika chupa kama ile. Aliishika kama nilivyoishika mimi, na aliinua kichwa nyuma kama nilivyoinua mimi.

Nilimnyakua, nikataka kumtia kidole kooni ili atapike. Hivyo ndivyo nilivyodhani ya kuwa ni sawa, na labda wengi wenu mnadhani hivyo hivyo. Kwa bahati njema mke wa mwalimu mwenzangu, ambaye ni muuguzi, alikuwa amesikia kelele. Akaingia, akanishika mkono kwa nguvu, akasema, "Usimtapishe, Baba! Mafuta yakirudi juu yataingia mapafuni, na humo ndimo yanamoua mtoto." Mama yangu alikuwa amekwisha leta kikombe cha maziwa, muuguzi akamwambia, "Na maziwa pia tuyaache, Mama. Mvueni shati hilo, mwosheni ngozi, twende zahanati sasa hivi."

Nilimbeba mgongoni kwa kanga ya mama yake, nikashuka mlima. Njia ile huniletea watu wengi wa kuamkiana nao, lakini siku ile sikumwona mtu. Nilisikia pumzi zake tu shingoni mwangu. Kila alipokohoa nilikwenda upesi zaidi, na kila aliponyamaza nilisimama kusikiliza.

Tabibu alimpima kifua, akatueleza yale yale aliyoyasema muuguzi, ya kuwa hatari kubwa ya mafuta ya taa si tumboni bali mapafuni, na ya kuwa dalili mbaya huweza kuchelewa kwa masaa. Akamweka pale hata kesho yake. Mimi na mama yake tulikesha tukihesabu jinsi kifua chake kilivyopanda na kushuka. Karibu na alfajiri nilisinzia. Nikaamshwa na vidole viwili vilivyonishika ukope. "Baba yupo," akasema.

Mabibi na mabwana, nimekwisha kupata vyeti katika maisha yangu, lakini sijapata kufurahi kama nilivyofurahi wakati ule.

Tuliporudi nyumbani furaha ile iligeuka kuwa hasira, kama ilivyo desturi ya watu walioogopa. Nilisimama katikati ya sebule, nikaishika ile chupa, nikawauliza wote kwa sauti kubwa, "Nani aliyeiweka chupa hii chini ya meza?" Mama yangu akanyamaza. Mke wangu akatazama pembeni. Nikauliza mara ya pili. Ndipo binti yangu akasema polepole, bila ya kuinua macho:

"Ni wewe, Baba. Usiku ule, ulipokuwa ukisahihisha madaftari."

Sikuwa na jibu. Niliketi. Nilijiona nimekaa mahali pa lile gunzi lililoambiwa lisimame likaanguka. Lakini mwalimu wangu hakunichapa, wala hakuniita mjinga. Alirudi kuchambua mboga. Jioni ile nilimwita, nikamwomba radhi, kwa ajili ya kelele zile na kwa ajili ya neno lile la hesabu. Aliniambia, "Haidhuru, Baba." Kisha akaleta daftari lake, akaniuliza hesabu moja ya kugawanya aliyokuwa ameificha siku nyingi kwa kuogopa kuniuliza.

Wazee wetu wana methali isemayo, "Mtoto akililia wembe, mpe." Wengine huitumia kwa kila mtoto. Mimi naona inamfaa kijana mkubwa aliyeonywa akakataa kusikia. Mtoto wa miaka miwili hawezi kuonyeka namna hiyo. Yeye hajui wembe ni nini. Ajua tu ya kuwa Baba anao. Kwa hiyo katika umri huu si kazi yake kujihadhari. Ni kazi yetu sisi.

Basi naomba kila mmoja wenu, mazungumzo haya yakiisha, aizunguke nyumba yake kidogo. Afanye kama nilivyofanya mimi: apige magoti, atazame vyumba kwa urefu wa mtoto. Ataona mambo asiyoyaona akiwa amesimama. Mafuta ya taa na dawa za kuulia wadudu zisitiwe kamwe katika chupa ya soda, wala ya maji ya kunywa, wala katika kikombe. Ziwekwe katika chombo chake chenye kifuniko kizuri, mahali pa juu penye kufuli. Vidonge vya bibi visikae chini ya mto. Ndoo ya maji isiachwe wazi, maana mtoto mdogo aweza kuzama katika maji machache, kichwa chake kikiwa kizito kuliko miguu yake. Sufuria ya chai na jiko la mkaa visiwe njiani apitapo. Na kama, Mungu apishe mbali, mtoto amekunywa mafuta ya taa, msimtapishe, wala msimpe kitu cha kumtapisha. Mpelekeni upesi kwa tabibu, na chupa yenyewe mwichukue, ili tabibu ajue alichokunywa.

Hayo ni ya mikono yake. Ya macho yake na masikio yake ni magumu zaidi, kwa maana hayafungwi kwa kufuli. Mtoto hujifunza yale tuyafanyayo wakati tunapodhani ya kuwa hakuna darasa. Kunywa soda kwangu lilikuwa somo. Hasira yangu juu ya hesabu ilikuwa somo. Sikuwa nimeandaa hata moja katika hayo, nayo ndiyo aliyoyashika vizuri kuliko yote.

Siku hizi chuoni nawapa wanafunzi wangu kazi mpya. Kila mmoja hutafuta mtoto wa umri kama huo, wa dada yake au wa jirani, akamtazama kwa saa moja bila ya kumkataza kitu kisicho cha hatari, akaandika ayaonayo. Hapo kwanza hulalamika ya kuwa hakuna cha kuandika. Wakirudi, daftari hazitoshi.

Mtapenda kujua hali ya Bwana Mdogo sasa. Hajambo kabisa. Kifua chake ki safi, na sauti yake mnaweza kuisikia hata bondeni. Kuhusu soda, hataki kuiona, akiletewa huziba pua na kusema "Baya." Shule yake ya magunzi ingalipo barazani. Juma lililopita nilijibanza nyuma ya mlango kumsikiliza. Alimwinua mwanafunzi mmoja aliyeanguka, akamwegemeza ukutani, akamwambia, "Haya, jaribu tena." Nilifurahi sana, nikatamani wenzangu wote wangalikuwapo. Lakini mwanafunzi yule akaanguka mara ya pili, naye mwalimu akamtazama kidogo, akamchukua, akamlisha mbuzi. Kwa hiyo naona bado tuna kazi ya kufanya, yeye na mimi.

Saa yangu imekwisha. Najua ya kuwa wakati huu huu ameketi nyumbani mbele ya redio, mapajani mwa bibi yake, na ya kuwa tangu nilipofungua kinywa amekwisha kuzunguka nyuma ya sanduku mara nne au tano kutazama nimeingiaje humo. Basi, Bwana Mdogo, usikitafute kijiti cha kusongea ugali ili ulifungue. Baba yupo, naye yu njiani anarudi nyumbani. Lala.

Nanyi nyote, mabibi na mabwana, kwaherini.